Ada za maghala: Nani hasa anayezilipa?

MFUMO wa stakabadhi za ghala, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2005 na kuanza kutumika kwa korosho mkoani Mtwara msimu wa 2007/08, unamtaka mwendesha ghala kuwa na leseni na kukaguliwa. Ada za leseni ni miongoni mwa mapato ya bodi inayosimamia maghala hayo.

Mwendesha ghala ndiye anayelipa kwanza, lakini gharama zake huweza kuhamia katika tozo ya uhifadhi, na hatimaye katika makato ya mkulima.

Hata hivyo, kuzifuta si dawa. Pasipo ukaguzi, stakabadhi hugeuka karatasi tupu, na korosho zikipungua ghalani mkulima hukosa pa kudai. Anachostahili ni kuonyeshwa kila makato na sababu yake.