Mashine za useremala Endabash: Kinga idaiwe mashine inaponunuliwa

Umeme unapofika kijijini, seremala huwa miongoni mwa watu wa mwanzo kubadili namna ya kufanya kazi. Katika Tarafa ya Endabash, wilayani Karatu, kama ilivyo katika maeneo mengi ya vijijini, milango, vitanda na madawati hutengenezwa kwa mbao za miti iliyopandwa mashambani, hasa mgrivea na mkaratusi. Ubao uliokuwa ukipasuliwa kwa msumeno wa mkono kwa muda mrefu sasa hupita kwenye mashine kwa dakika chache. Serikali imekwisha kutangaza kufikisha umeme katika vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara, na Wakala wa Nishati Vijijini (REA) unaendelea na vitongoji. Kwa hesabu hiyo, idadi ya misumeno ya umeme inayozunguka chini ya mapaa ya mabati itaendelea kuongezeka, na pamoja nayo idadi ya mikono iliyo karibu na meno yake.

Sheria ya kuilinda mikono hiyo ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu, inataka sehemu za hatari za mashine zizungushiwe kinga na maeneo ya kazi yasajiliwe na kukaguliwa. Ilichukua nafasi ya Sheria ya Viwanda ya mwaka 1950, iliyotungwa kwa kuwatazama zaidi wenye viwanda. Ada ya kusajili eneo la kazi imefutwa, hivyo mwenye karakana ndogo hana tena sababu ya kuuogopa mlango wa OSHA kwa hofu ya gharama. Swali linalobaki ni mahali ambapo sheria hiyo inakutana na mashine kwa mara ya kwanza. Kwa sehemu kubwa inakutana nayo karakanani, baada ya fundi kuilipia, kuisafirisha na kuizoea ikiwa wazi.

Mashine zenyewe hufika kwa njia zaidi ya moja. Zipo za mkononi zinazouzwa katika maduka ya vifaa mjini Karatu na Arusha, na zipo zilizotumika zinazohama kutoka kwa fundi mmoja kwenda kwa mwingine. Zipo pia zinazoundwa hapa hapa nchini: mchomeleaji huunganisha fremu ya vyuma, juu akaweka meza ya bati nene, chini akafunga mota na mkanda, kisha msumeno wa duara ukachomoza katikati. Hizi za mwisho ni nafuu, zinatengenezeka zikiharibika na zimewapa riziki mafundi wengi. Mara nyingi, hata hivyo, hazina kifuniko cha msumeno wala cha mkanda, na swichi yake ni ile ile inayotumika kuwashia mota ya kawaida.

Katika orodha hiyo haifai kusahau grenda. Kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya kukata na kusaga chuma, lakini baadhi ya mafundi hukitoa kinga yake na kukifunga msumeno wa mbao wenye meno. Grenda ndogo huzunguka takriban mara 11,000 kwa dakika, kasi inayozidi sana ile iliyokusudiwa kwa misumeno mingi ya mbao, na haina kitu cha kuizuia iruke pale jino linaponasa. Kati ya matumizi yote mabaya ya vifaa vya umeme katika useremala, hili ndilo lisilo na utetezi wowote.

Mjadala wa kuwalazimisha watengenezaji waweke teknolojia ya usalama kwenye misumeno umekuwa mrefu zaidi nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mvumbuzi Stephen Gass alibuni msumeno wa mezani unaotambua mwili wa binadamu. Meno yake hupitishiwa mawimbi madogo ya umeme. Kwa kuwa mwili hupitisha umeme vizuri kuliko mbao kavu, kidole kinapogusa mawimbi hayo hubadilika, na kipande cha aluminiamu hurushwa kwenye meno na kuusimamisha msumeno ndani ya milisekunde 5 hivi. Maonyesho yake yalifanywa kwa soseji, ambayo ilitoka na mkwaruzo tu. Mwaka 2003 Gass na wenzake waliiomba Tume ya Usalama wa Bidhaa za Walaji ya Marekani iifanye teknolojia ya namna hiyo kuwa ya lazima.

Hoja za pande zote mbili zilikuwa na uzito. Takwimu za Tume zilionyesha kuwa takriban watu 30,000 kwa mwaka walikuwa wakitibiwa katika idara za dharura baada ya kuguswa na meno ya misumeno ya mezani. Watengenezaji walijibu kuwa bei ya mashine ndogo ingepanda kwa mamia ya dola, na kwamba hataza nyingi zilikuwa mikononi mwa kampuni moja, SawStop, ambayo ingenufaika na amri hiyo. Mwaka 2017 Tume ilipendekeza kanuni: kitu kinachofanana na kidole, kikiusogelea msumeno kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, kisikatwe zaidi ya kina cha milimita 3.5. Mwaka 2023 pendekezo lilirekebishwa, na mwaka uliofuata mmiliki wa SawStop aliahidi kuiachia umma hataza moja muhimu iwapo kanuni ingeanza kutumika. Zaidi ya miaka 20 tangu ombi la kwanza, amri hiyo haijapatikana.

Fundi wa Endabash anapata nini katika habari hiyo? Teknolojia yenyewe hapati, angalau si leo. Kila mara msumeno unaposimamishwa kwa namna ile, kipande cha breki huharibika na msumeno nao kwa kawaida haufai tena, na vipuri vyake havipatikani kwenye duka la vifaa la kawaida. Lipo pia tatizo la mbao. Mashine inayomtambua binadamu kwa unyevu na umeme wa mwili wake inaweza kuidhani mbao mbichi kuwa mkono. Mgrivea uliokatwa shambani juma lililopita na kupasuliwa leo ungeweza kuichokoza mara kwa mara, hadi fundi aamue kuuzima mfumo wenyewe.

Kinga inayolifaa eneo hili ni ya zamani zaidi. Mkaratusi hujulikana kwa kubeba mkazo ndani ya shina lake: ubao unapopasuliwa, pande mbili hujifunga na kuubana msumeno kwa nyuma. Meno ya nyuma, ambayo huwa yanapanda juu, huunyanyua ubao na kuurusha kwa nguvu kumwelekea fundi, na mkono uliokuwa ukiusukuma hubaki bila kitu cha kushika, mara nyingine ukaangukia kwenye meno. Dawa yake ni chuma chembamba kinachosimama wima nyuma ya msumeno na kuzitenga pande mbili za ubao zisijifunge. Hakina betri wala kompyuta, na mchomeleaji mwenye ujuzi anaweza kukitengeneza, mradi unene wake ulingane na njia ya msumeno na kifungwe kwa uimara. Uingereza ilikifanya kuwa takwa la kisheria kwa viwanda vya mbao tangu mwaka 1922. Kenya iliweka kanuni za mashine za useremala mwaka 1959, zikitaja chuma hicho, kifuniko cha juu na kijiti cha kusukumia ubao.

Swichi nayo inahitaji kutazamwa kwa uzito, kwa sababu ya hali ya umeme wetu. Umeme unapokatika kazi ikiendelea, fundi huondoka, au huinama chini ya meza kutoa vumbi na vipande vilivyonasa, na swichi hubaki imewashwa. Umeme unaporudi, mashine isiyo na kinga huanza kuzunguka yenyewe. Swichi ya sumaku huachia mara umeme unapokatika na hairudi hadi mtu aibonyeze tena. Miongoni mwa vifaa vyote vinavyozungumzwa hapa, huenda hiki ndicho kingeleta nafuu ya haraka zaidi vijijini, na bado ndicho kinachotajwa kwa nadra katika semina za usalama, ambazo hupenda kuanza na miwani na glovu. Glovu, kwa taarifa, hazifai kuvaliwa karibu na msumeno unaozunguka, kwa kuwa hunaswa na kuuvuta mkono.

Ni kweli kwamba mafundi wengine huondoa kinga hata mashine inapokuja nayo. Lawama hiyo isitolewe haraka. Kifuniko kinachoficha mstari wa kukatia, au kinachohitaji kufunguliwa kwa spana kila ubao unapobadilika, kitatolewa siku ya kwanza na hakitarudishwa. Kinga iliyobuniwa pamoja na mashine hukaa. Ile iliyobandikwa ili mkaguzi aione huishia kwenye kona ya karakana.

Kwa sababu hiyo wajibu unapaswa kuanza mapema zaidi, kwa anayeunda na anayeuza. Wazo hilo si geni katika sheria za kazi duniani. Mkataba Na. 119 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1963, unataka nchi zizuie uuzaji na ukodishaji wa mashine ambazo sehemu zake za hatari hazina kinga. Hapa nchini, Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tayari lina utaratibu wa kuzikagua bidhaa katika nchi zinakotoka kabla hazijapakiwa. Mashine za kuchomelewa hazipiti njia hiyo, lakini waundaji wake wanafikika kupitia SIDO. Karakana chache zinazounda mashine hizo ni rahisi kuzifuatilia kuliko mamia ya wanunuzi waliotawanyika kutoka Endabash hadi Mang'ola, huku ofisi ya OSHA Kanda ya Kaskazini ikiwa Arusha, takriban kilomita 140 kutoka Karatu mjini.

Anayebeba hasara mambo yanapoharibika anajulikana. Mfanyakazi aliyeajiriwa analindwa na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), unaochangiwa na mwajiri peke yake kwa asilimia 0.5 ya mshahara, ikilinganishwa na asilimia 1 kwa sekta binafsi Mfuko ulipoanza kukusanya michango mwaka 2015. Mwajiri hutakiwa kutoa taarifa ya ajali ndani ya siku 7, na dai huwasilishwa ndani ya miezi 12. Ulemavu wa kudumu usiozidi asilimia 30 hulipwa kwa mkupuo. Unaozidi hapo huleta pensheni ya kila mwezi. Fundi aliyejiajiri hayumo. Kijana anayejifunza kazi kwa mjomba wake, bila mkataba wala jina lake katika orodha ya michango, atakuwa na safari ndefu ya kuthibitisha kuwa alikuwa mfanyakazi. Katika karakana za vijijini, hao wawili ndio walio wengi kwenye mashine.

Kuna mahali ambapo sharti la kinga linaweza kuwekwa bila kusubiri kanuni mpya. Kila halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisitishwa mwaka 2023 na kurejeshwa kwa masharti mapya, na useremala ni kazi ambayo kikundi cha vijana kinaweza kuiombea mkopo. Haitakuwa sawa fedha za asilimia 4 zinunue mashine itakayomhamishia kijana kwenye fungu la asilimia 2.

Kikundi kinapoomba mkopo wa mashine huambatisha ankara kifani ya muuzaji. Ankara hiyo inaweza kutakiwa kutaja kifuniko cha msumeno, chuma cha nyuma, kifuniko cha mkanda na swichi ya sumaku, kila kimoja na bei yake, na afisa maendeleo ya jamii akavikagua mashine inapopokelewa, kabla deni halijaanza kulipwa. Mchomeleaji wa Karatu anayetaka kuuza kwa vikundi hivyo atalazimika kuviweka, na atakapokuwa amekwisha kutengeneza kielelezo chake, fundi asiye na mkopo naye atakikuta dukani hapo hapo.