Kampuni ya ndege hainunuliwi kwa kutazama mabawa

Wahenga walituusia kwamba usione vyaelea, vimeundwa. Usia huo ulitoka kwa watu wa pwani na vyombo vyao vya baharini, lakini leo unamfaa hata mkazi wa Nakuru anayeinua macho akaona ndege ndogo ikipita juu ya ziwa kuelekea Maasai Mara, kisha akajisemea moyoni kwamba biashara ile ni ya fahari na faida ya haraka.

Wazo la kununua kampuni ndogo ya ndege za kukodi, ambayo tayari ina jina, ndege na wateja, huwavutia watu wenye akiba, na hoja yao si dhaifu. Kuanzisha kampuni mpya ni safari ndefu ya vibali, ukaguzi na gharama zisizokuwa na mapato. Kununua iliyopo ni kupanda gari ambalo limekwisha kung'oa nanga. Mimi siipingi biashara hii. Ninachokipinga ni imani kwamba kinachonunuliwa ni ndege. Kinachonunuliwa hasa ni kumbukumbu zilizoandikwa, watu wanaozielewa, na desturi ya kusema "leo haturuki" pale inapobidi. Mnunuzi asiyevipima vitu hivyo vitatu ameuziwa mbuzi ndani ya gunia, na bei ya kosa lake aghalabu hulipwa na abiria.

Bonde la Ufa si geni katika shughuli hii. Beryl Markham, aliyelelewa katika shamba la babake huko Njoro, alijifunza urubani na kujipatia riziki kwa kusafirisha barua na abiria, na kwa kuwatafutia wawindaji ndovu kutoka angani. Mnamo Septemba 1936 aliivuka Bahari ya Atlantiki peke yake, kutoka Uingereza hadi Kanada. Mwalimu wake, Tom Campbell Black, alikuwa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Bi Florence Kerr Wilson. Kampuni hiyo iliishi miaka 10 tu. Vita vilipozuka mwaka 1939, ndege zake zilitwaliwa kwa kazi za kijeshi, na jina lake likabaki katika Kiwanja cha Ndege cha Wilson, ambacho hadi leo ndicho makao makuu ya ndege ndogo nchini.

Historia hiyo fupi ina funzo: biashara ya ndege hutegemea mambo ambayo mwenye kampuni hayamiliki. Bi Wilson hakuivunja kampuni yake, dunia iliivunja. Vivyo hivyo, ugonjwa wa korona ulipoingia, Kenya ilisimamisha safari za ndege za abiria kutoka nje mnamo Machi 2020, na safari za ndani hazikurejea hadi Julai 15. Katika miezi hiyo ndege zilikaa chini, lakini bima, mishahara na riba ya benki havikukaa.

Kwa hiyo anayeonyeshwa hesabu za kampuni asikubali kuonyeshwa za msimu mmoja. Muuzaji mwerevu atamfungulia vitabu vya Julai hadi Oktoba, wakati nyumbu wako Mara na watalii ni tele. Mnunuzi naye aombe vitabu vya Aprili na Mei, mvua inapoloweka viwanja vya udongo na kambi nyingi kufunga milango. Isitoshe, aulize ni kiasi gani cha fedha zilizomo benki ni malipo ya safari ambazo bado hazijafanywa. Fedha hizo zaonekana kama mali, kumbe ni deni; mwenye kampuni mpya atazichoma kwa mafuta ya kuwarusha watu waliomlipa mwenye kampuni wa zamani.

Swali la pili ni la kisheria. Kununua hisa za kampuni ni kununua kila kitu chake, pamoja na madeni, kodi isiyolipwa na kesi zilizo mahakamani. Kununua ndege na vifaa peke yake ni kuyaepuka mengi ya hayo, lakini pia ni kuyaacha nyuma yale yaliyomvutia mnunuzi, yaani leseni ya huduma za anga na cheti cha uendeshaji. Hati hizo si bidhaa za kuchuuzwa. Mamlaka ya Usafiri wa Ndege, iliyoundwa mwaka 2002, humpa cheti mtu iliyemkagua, na umiliki ukibadilika ina haki ya kuuliza upya ni nani anayeongoza, ni nani anayesimamia matengenezo na ni nani anayekagua usalama.

Kuna mfano ambao haujasahaulika. Mwaka 2012 kampuni ya Uingereza iliyokuja kuitwa fastjet ilinunua kutoka kwa Lonrho biashara ya ndege ya Fly540, iliyokuwa na matawi Kenya, Tanzania, Ghana na Angola. Kwa njia hiyo ilipata upesi vibali ambavyo mgeni angevisubiri kwa muda mrefu, na kabla ya mwaka huo kwisha ndege zake zilikuwa zikiruka kutoka Dar es Salaam. Lakini pamoja na vibali ilirithi madeni ya zamani, na ikaingia katika mzozo na wenzao wa Kenya. Safari za Ghana na Angola zilikoma mwaka 2014, na Desemba 2018 wakuu wa usafiri wa anga wa Tanzania waliizuia fastjet ya huko kuruka, madeni yakiwa miongoni mwa sababu. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kuliko tunayoizungumzia hapa, lakini sheria ni ile ile: anayenunua njia ya mkato hununua na miiba iliyomo.

Kinyume cha haraka hiyo ni mwendo wa Kenya Airways kwa Precision Air. Precision ilianza Arusha mwaka 1993 kama kampuni ya ndege za kukodi, ikitumia ndege moja ya viti 5 kuwapeleka watalii mbugani. Ilipokwisha kukua na kuwa na safari za ratiba, Kenya Airways iliingia mwaka 2003 kwa kununua hisa asilimia 49 kwa dola milioni 2, ikiuacha wingi wa hisa mikononi mwa wenyeji walioijua kazi na soko. Sisemi kwamba miaka iliyofuata haikuwa na dhoruba, ilikuwa nazo. Nasema tu kwamba kununua sehemu, na kumwacha aliyeijenga kampuni aendelee kushika usukani, ni hekima ambayo mnunuzi wa Nakuru angeweza kuiiga.

Sasa tuje kwenye ndege yenyewe. Gari kuukuu laweza kupakwa rangi likamdanganya mnunuzi. Ndege haiwezi kumdanganya anayejua kusoma, kwa sababu maisha yake yote yameandikwa katika daftari. Kila saa iliyoruka, kila kipuri kilichobadilishwa na kila fundi aliyetia sahihi vimo humo. Tuchukue Cessna Caravan, ndege inayoonekana sana katika viwanja vyetu vya mbugani. Injini ya Caravan kwa kawaida hupangiwa ukarabati mkubwa baada ya saa 3,600. Ikiwa daftari laonyesha saa 3,400, na ndege huruka saa 60 kwa mwezi, mwanafunzi wa darasa la sita aweza kumwambia mnunuzi kwamba zimesalia saa 200, yaani miezi mitatu na siku chache, kabla ya kulipa gharama inayofika makumi ya mamilioni ya shilingi. Ndege mbili zilizosimama bega kwa bega, zenye umri mmoja na rangi moja, zaweza kutofautiana bei kwa sababu ya ukurasa mmoja wa daftari. Na kama kurasa zimepotea, basi thamani nayo imepotea, hata mabawa yang'ae namna gani.

Aidha, mnunuzi ahakikishe kwamba ndege haina rehani. Kenya imo katika mkataba uliotiwa sahihi Cape Town mwaka 2001, ambao chini yake madai juu ya ndege huandikishwa katika rejista ya kimataifa iliyoko Ireland. Rejista hiyo inahusu ndege zinazoweza kubeba watu 8 au zaidi pamoja na rubani. Kwa ndege ndogo kuliko hizo, itambidi wakili atafute habari katika rejista za nchini. Gharama ya kazi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na fedheha ya kuamka asubuhi na kukuta ndege uliyoilipia imezuiliwa na benki ya mtu mwingine.

Hayo yote ni mambo ya fedha, na fedha iliyopotea huenda ikapatikana tena. Lipo jambo lisilorudi likipotea, nalo ndilo hasa lililonifanya niandike. Anga la Bonde la Ufa si la kufanyia mzaha. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Mchana wa joto uzito wa hewa hapa huwa umepungua kwa takriban humusi ukilinganishwa na wa pwani. Rafadha hushika hewa kidogo, injini hupata pumzi kidogo, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuinuka. Mashariki yetu pana safu ya Nyandarua, magharibi pana ukuta wa Mau, na alasiri mawingu huviziba vilele hivyo kwa muda mfupi. Juu ya maziwa yetu huruka ndege wa manyoya, makundi kwa makundi, na kila mmoja ni hatari kwa injini.

Mnamo Juni 10, 2008, ndege ndogo iliyokuwa ikitoka Nairobi kwenda Kericho ilianguka katika wilaya ya Narok, wakafa watu 4, akiwamo Waziri Kipkalya Kones na Waziri Msaidizi Lorna Laboso. Oktoba 21, 2017, helikopta iliyokuwa na watu 5 ilitumbukia katika Ziwa Nakuru. Juni 5, 2018, Caravan iliyotoka Kitale ikiwa na watu 10 iligonga milima ya Nyandarua, na hakuna aliyenusurika. Sizitaji ajali hizi ili kumlaumu yeyote, bali kukumbusha kwamba hili ndilo anga ambalo mnunuzi anataka kulifanyia biashara.

Katika anga la namna hii, mali iliyo bora kuliko zote katika kampuni ndogo ni rubani anayeweza kumwambia mteja mkubwa, awe mwanasiasa au tajiri, kwamba safari imeahirishwa hadi kesho, kisha akarudi ofisini bila kuogopa kufukuzwa. Desturi hiyo huchukua miaka kujengeka. Lakini yaweza kufa kwa wiki moja tu, mwenye kampuni mpya akiwa na mkopo wa benki shingoni na akaanza kuhesabu kila safari iliyoahirishwa kama hasara aliyotiwa na rubani. Hapo ndipo marubani wenye uzoefu huondoka mmoja mmoja, mhandisi mkuu akafuata, na mnunuzi akabaki na mabati yenye mabawa. Jina la kampuni bado liko ukutani, ila kile kilicholipa jina hilo thamani kimekwisha kutoka mlangoni.

Nawageukia walimu. Wengi wenu mnakaribia kustaafu, na kiinua mgongo cha mwalimu hakikosi wa kukimezea mate. Mkiletewa pendekezo la kuweka akiba zenu pamoja mnunue hisa katika kampuni ya namna hii, msione haya kuuliza maswali ambayo mngemuuliza mwanafunzi aliyeleta jibu bila kuonyesha njia. Ni nani aliyekagua madaftari, na je, mkaguzi huyo analipwa na muuzaji au na sisi? Ni nani atakayebaki kazini baada ya mauzo, na kwa mkataba wa muda gani? Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Anayewaharakisha mtie sahihi kabla ya Ijumaa amekwisha kuwajibu.

Kwa wanafunzi, nina neno moja. Vijana wengi hutamani urubani kwa sababu ya sare na miwani ya jua. Lakini mtu ambaye mnunuzi humhitaji kwanza ni yule awezaye kulisoma daftari la injini na kugundua kwamba sahihi mbili hazipatani. Shule ya usafiri wa anga ya Embakasi imekuwapo tangu mwaka 1954, na Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya hufunza uhandisi wa ndege. Hesabu na fizikia mnazozinung'unikia darasani ndizo zinazopima hewa ya Nakuru na kusema ndege ibebe watu 9 au 7. Nchi yenye wanunuzi matajiri na wakaguzi wachache itaendelea kuuziwa rangi.

Kwa hivyo atakaye kununua na anunue, madhali amesoma. Na siku atakapokabidhiwa funguo, kabla ya kubadilisha rangi ya ndege au kutundika picha yake ofisini, awakusanye marubani na mafundi wote, awape barua yenye sahihi yake isemayo kwamba hakuna atakayekatwa mshahara wala kuachishwa kazi kwa kukataa kuruka. Barua hiyo haitamgharimu hata shilingi moja siku hiyo. Akishindwa kuitia sahihi, na auze kampuni hiyo kwa mwingine kabla jua halijatua.