Jina la kipuri ndilo ushuru wake: somo kutoka Houston na Dallas



Habari za ushuru wa Marekani hutufikia kwa asilimia: mara 10, mara 25, mara 50. Lakini asilimia ni nusu ya habari. Nusu ya pili, ambayo haitangazwi redioni, ni jina ambalo bidhaa imeandikiwa forodhani. Katika biashara ya vipuri vya mitambo, jina hilo ndilo linaloamua nani atalipa na nani atapita bure.

Jambo hili linatugusa. Houston ni soko kuu la vifaa vya visima vya mafuta, na vijana wetu wengi wanaofanya kazi ya ununuzi na ghala Muscat, Sohar au Abu Dhabi wanaujua mji huo kwa makaratasi kabla ya kuuona kwa macho. Vipuri husafiri pande zote mbili: vingine vinatoka Texas kuja Ghuba, vingine vinakerezwa Ghuba na kupelekwa Texas. Dallas nayo haina bahari. Mizigo yake hushuka kwa ndege uwanja wa DFW, au huja kwa treni kutoka bandari za California ikiwa imefungwa lakiri, ikalipiwa ushuru Fort Worth. Kokote iendako, swali la afisa ni moja: hiki ni kitu gani?

Jibu huandikwa kwa namba. Tangu Januari 1988 nchi nyingi za dunia zinatumia kitabu kimoja cha majina ya bidhaa, kinachosimamiwa na Shirika la Forodha Duniani lililopo Brussels. Namba sita za mwanzo ni zilezile kila mahali. Kisha kila nchi huongeza zake. Marekani hufika kumi, na nchi zetu za Ghuba zimefika kumi na mbili tangu Januari 2025. Sura ya 84 ni ya mashine. Sura ya 73 ni ya vitu vya chuma.

Mtu wa kawaida atadhani kwamba kipuri cha mashine huwekwa pamoja na mashine yake. Sheria haisemi hivyo. Kwanza, boliti na nati za kawaida hubaki boliti na nati, chini ya sura ya 73, hata kama zimetengenezwa kwa ajili ya mtambo wa kuchimba mafuta peke yake. Pili, kipuri chenye mahali pake katika kitabu, kama vile vali, pampu au beringi, huandikwa hapo kwa jina lake. Tatu, kinachobaki, kama kinatumika peke yake au hasa na mashine fulani, ndicho hufuata mashine hiyo.

Tazama tofauti yake kwa pesa. Katika orodha ya kawaida ya Marekani, kipuri cha mtambo wa kuchimba visima huingia bila ushuru. Vali ya chuma ya kufungwa kwa mkono hulipa asilimia 5.6. Beringi za gololi hulipa asilimia 9. Vyote vitatu vinaweza kuwa ndani ya sanduku moja, vikielekea kisima kimoja. Kwa bidhaa zilizotengenezwa Oman, mkataba wa biashara huria ulioanza Januari 2009 huondoa ushuru huu wa kawaida.

Lakini mkataba huo hauzuii nyongeza ya chuma. Machi 2025 nyongeza hiyo ilirudishwa kuwa asilimia 25 kwa nchi zote, na tarehe 4 Juni ikapandishwa hadi 50, isipokuwa kwa Uingereza. Agosti 18 zaidi ya namba 400 ziliongezwa katika orodha ya bidhaa zenye chuma ndani yake, na mashine na vipuri vingi vikaingia. Namba ikiwa ndani ya orodha, unalipa. Ikiwa nje, huilipi nyongeza hiyo, ingawa chuma ni kilekile.

Kwa utaratibu wa 2025, kipuri cha mashine kilichomo orodhani kilitozwa kwa thamani ya chuma kilichomo. Chukua kipuri cha dola 10,000 ambacho chuma chake ni dola 4,000. Mwenye hati za kuthibitisha alidaiwa dola 2,000. Asiyejua thamani ya chuma chake alitakiwa kutangaza thamani yote, akadaiwa dola 5,000. Karatasi moja ilikuwa na thamani ya dola 3,000.

Wazee wetu waliifahamu forodha nyepesi zaidi. Mkataba wa 1833 baina ya Sayyid Said bin Sultan na Marekani uliweka asilimia 5 kwa shehena ya Wamarekani itakayoshushwa katika bandari zake, iwe merikani au baruti. Ugomvi ungeweza kuwa juu ya bei, lakini jina la kitu halikuongeza wala kupunguza kiwango. Viwango vinapokuwa vingi, ugomvi huhamia kwenye jina, na anayelijua jina humshinda anayekijua kitu.

Hapo ndipo penye dhuluma ya kimyakimya. Ushuru hulipwa na mwagizaji wa Texas, kisha humgeukia muuzaji wa Sohar na kumtaka apunguze bei. Kampuni kubwa ina wanasheria wa kulitafuta jina linaloifaa kihalali. Karakana ndogo ina wakala mmoja na simu. Na tangu sheria ya 1993, wajibu wa kutaja namba sahihi ni wa mwagizaji mwenyewe. Akikosea kwa uzembe, faini yaweza kufika mara mbili ya ushuru uliopotea. Kwa uzembe mkubwa, mara nne. Kwa udanganyifu, thamani nzima ya mzigo.

Yapo ya kufanya. Mwagizaji anaweza kuiomba forodha ya Marekani uamuzi wa maandishi kabla ya kuleta mzigo. Haulipiwi, na ukishatolewa unaifunga forodha katika bandari zote. Akitozwa asivyostahili, anazo siku 180 za kupinga baada ya hesabu kufungwa. Kwa upande wetu, kazi ipo kwenye ankara. Katika shule ya misheni niliyosoma, karani mwanafunzi aliyeandika "vitu mbalimbali" alikatwa alama. Leo anakatwa dola. Ankara itaje kitu ni nini, kimetengenezwa kwa malighafi gani, kinafanya kazi na mashine ipi, chuma chake kina thamani gani na kiliyeyushwa nchi gani. Hilo la mwisho si dogo: katika utaratibu huo wa 2025, kipuri cha namba iliyomo orodhani kilichotengenezwa nje kwa chuma kilichoyeyushwa Marekani hakikulipa nyongeza.

Viwango hubadilika kwa tangazo la usiku mmoja, basi kila shehena ikaguliwe kwa orodha ya siku yake. Kanuni za majina ya vipuri hazibadiliki upesi hivyo. Kijana wetu aliyeko ghalani akijifunza hizo, atakuwa na elimu itakayomfaa Houston, Sohar na hata Mombasa, kwa kuwa namba sita za mwanzo ni zilezile.