Usiache Mbachao: Kutetea Mashine Kuukuu

Mwenzangu mmoja aliponikuta nikihangaika na kompyuta ya mwaka 1970 alicheka. "Hiyo ni michezo ya wazungu wastaafu," alisema. "Sisi tunahitaji mpya." Hoja hiyo nimeisikia hata kwa walimu. Naipinga.

Mashine yenyewe ni PDP-11, minikompyuta ya kampuni ya Digital Equipment Corporation ya Marekani, kubwa kama kabati. Kabati hilo sinalo. Ninayo programu ya bure iitwayo SIMH, inayoiga mashine hiyo ndani ya kompyuta ya kawaida. Kwa hiyo anayesema ni anasa ya matajiri hajajaribu. Wenye mashine halisi hupima kwanza sehemu ya umeme kabla ya kuwasha, kisha huifuata hitilafu kadi kwa kadi mpaka waikamate. Mimi nimeingiza amri kwenye kumbukumbu kwa tarakimu, moja baada ya nyingine, nikaona mashine ikijumlisha namba mbili. Ni jambo dogo, lakini ndipo nilipoelewa kompyuta inafanya nini. Darasani nilikuwa nimefundishwa kubonyeza tu.

Wapo wasemao kufufua vyuma vya kale si jadi yetu. Wao hawajashuka ufukweni Rumonge, ambako injini ya boti la ndagala haitupwi kwa sababu imezeeka. Hufunguliwa, husafishwa, ikarudi ziwani. Na ziwa hili hili lina ushahidi mkubwa zaidi. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Goetzen karibu na Kigoma, lakini kwanza mafundi walizipaka injini zake grisi nzito zisiliwe na kutu. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mei 2015 meli hiyo hiyo iliwabeba wakimbizi wa Burundi kutoka Kagunga hadi Kigoma. Waliopanda hawakuuliza ni ya mwaka gani. Kama ingekatwa ikauzwa chuma chakavu, wangepanda nini?

Nakubali kwamba PDP-11 haitabeba mtu, wala haitapiga hesabu za mawese kuliko simu yangu. Faida yake ni maarifa. Mwaka 1974 jirani zetu Tanzania walipiga marufuku kuingiza kompyuta, baada ya hasara iliyotokana na jaribio la kuzitumia katika hesabu za serikali. Siwacheki. Nasema tu kwamba mashine usiyoielewa utaiabudu au utaifukuza, na kote kuwili umeshindwa. Kununua mpya kila mwaka bila kuifungua ni kuiabudu.

Basi ombi langu kwa wahadhiri ni dogo. Kabla chuo hakijauza kompyuta zake mbovu kwa kilo, tuachieni moja mezani na bisibisi. Tupeni alama kwa hitilafu tuliyoitafuta na kuipata, si kwa maelezo tuliyokariri. Nanyi wenzangu, msicheke. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao, na misala inayopita kwetu, tukiharibikiwa nayo, hatujui hata pa kuanzia.