Kamera ya mwendo ni shahidi, na shahidi huhojiwa

Mwaka 2012, katika jiji la Baltimore, Marekani, dereva mmoja aliletewa hati ya faini ya dola 40. Kamera ilidai kuwa gari lake lilikwenda maili 38 kwa saa, yaani kilomita 61, mahali ambapo mwisho ni maili 25. Picha zenyewe zilionyesha ajabu: gari limesimama kwenye taa nyekundu, na taa zake za breki zinawaka! Hata hivyo, hati hiyo ilikwishatiwa saini ya askari polisi kuthibitisha kuwa ni sahihi.

Ndugu wasomaji, hatuzichukii kamera. Hizo ziliwekwa karibu na shule, na anayekimbiza gari mbele ya watoto wa watu hana udhuru. Akitozwa, na alipe. Linalotusumbua ni chombo kuaminiwa kupita mwanadamu. Mdai akifika mbele ya kadhi hutakiwa alete bayyina, na shahidi wake huhojiwa. Kwa nini mashine isihojiwe?

Gazeti la Baltimore Sun lilifanya uchunguzi, na Desemba 2012 kampuni ya Xerox, iliyokuwa ikiziendesha kamera hizo, ilikiri kwamba 5 kati yake zilikosea kwa asilimia 5.2, takriban hati moja katika kila 20. Mawimbi ya rada yaligonga mwili wa malori makubwa na kurudi kombo, mashine ikasoma mwendo usiokuwapo. Jiji likabadili mkandarasi, kisha Aprili 2013 likazizima kamera. Januari 2014 ndipo ilipofichuka kuwa ukaguzi uliogharimiwa na jiji lenyewe ulikuwa umekuta makosa yanayozidi asilimia 10, na raia hawakuambiwa. Kosa la mashine tunaweza kulivumilia. Kuficha huko ni dhulma. Isitoshe, mkandarasi alikuwa akipata fungu lake katika kila hati iliyolipwa, mtindo ambao sheria ya jimbo la Maryland ya 2014 iliukataza. Mwenye kulipwa kwa wingi wa wakosaji atatafuta nini kama si wakosaji?

Waliodhulumiwa waliokolewa na hesabu nyepesi, ambayo hata mtoto wa shule aweza kuifanya. Picha huwa mbili, kila moja na saa yake. Gari linalokwenda kilomita 61 kwa saa hukata mita 8 na nusu kwa nusu sekunde, karibu urefu wa magari mawili. Ikiwa baina ya picha hizo gurudumu halijaondoka kwenye mstari ule ule, madai yameanguka.

Wengi, bila shaka, hulipa tu, kwani kupoteza siku ya kazi mahakamani ni ghali kuliko faini yenyewe. Twawaelewa. Lakini kila hati ya uongo inayolipwa kimya huhesabiwa kuwa kamera imesema kweli.

Kwetu Tanzania, askari wa usalama barabarani hutumia tochi. Ukisimamishwa, omba kwa adabu uonyeshwe picha. Tazama namba ya gari, saa, mahali, na kama kibao cha mwendo kipo. Ukiona si wewe, usikiri wala usitoe chochote cha kumfumba mtu mdomo. Sema unachagua kwenda mahakamani, na uende siku uliyopangiwa.