Mkopo wa HELB Ukiishia Njiani, Nani Anamalizia Karo?

Mtoto akipata barua ya kusomea udaktari, ufamasia au sheria, boma lote linasherehekea. Mbuzi anachinjwa, simu zinapigwa hadi Mombasa. Halafu mtu anauliza: karo ni ngapi? Hapo nyumba inanyamaza.

Tuanze na hesabu. Katika mpangilio wa bendi uliotangazwa 2024, mwanafunzi wa bendi ya tatu alipangiwa ufadhili wa serikali wa asilimia 50 ya karo, mkopo wa HELB asilimia 30, na familia ikaachiwa asilimia 20. Unasikia 20 unaona ni kidogo. Lakini ni asilimia 20 ya nini? Kozi ikiwa ya shilingi 120,000 kwa mwaka, unalipa 24,000. Ikiwa ya 500,000, unalipa 100,000. Na udaktari ni miaka sita.

Kwa mkulima wa Kitui, 100,000 ni nini? Tuseme ndengu ni shilingi 100 kwa kilo. Hayo ni zaidi ya magunia 11 ya kilo 90, kila mwaka, kabla familia haijala. Halafu kuna kalenda. Mvua ya kutegemewa Ukambani ni ya Oktoba hadi Disemba. Ndengu zinavunwa Januari na Februari, na maembe ya Makueni yanaanza kuuzwa mwaka ukielekea kuisha. Chuo nacho kinafungua Agosti au Septemba. Karo inadaiwa ghala likiwa tupu.

Kuna wanaosema kikomo cha mkopo ni kizuri: watu wakikopa kidogo, vyuo vitalazimika kushusha karo. Marekani imefuata njia hiyo. Sheria yao ya 2025 imeweka kikomo cha dola 50,000 kwa mwaka na 200,000 kwa jumla kwa wanaosomea taaluma kama udaktari na sheria, kuanzia Julai 2026. Hapa kwetu hatuoni hilo likisaidia. Nafasi za udaktari ni chache, na wanaozitaka ni wengi. Mmoja akikosa karo, mwingine anaingia. Chuo hakina haja ya kushusha bei. Kinachobadilika ni mahali pesa zinapotoka: ng'ombe anauzwa, harambee inaitwa, au mtu anakopa kwa simu.

Hapo sisi kama kampuni ya malipo tunahusika, na lazima tuseme ukweli. Mkopo wa HELB una riba ya asilimia 4 kwa mwaka. Mkopo wa simu unaotoza asilimia 7.5 kwa siku 30 ni kitu kingine kabisa. Kopa 20,000. Kwa HELB riba ni 800 mwaka mzima. Kwa simu ni 1,500 mwezi mmoja. Ukiuzungusha miezi 12 umelipa 18,000, na ile 20,000 bado unadaiwa. Mkopo wa simu ni wa dharura ya siku chache, si wa kusomesha daktari.

Kwa hivyo maoni yetu ni haya: kikomo cha mkopo kifuate kozi. Kwa kozi ndefu za taaluma, familia isiyojiweza iruhusiwe kukopa hata ile sehemu yake, kwa riba ileile ya asilimia 4. Tunajua deni litakua, na kazi haipatikani siku ya kuhitimu. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, ulihusu pia malipo ya madaktari walioko mafunzoni. Basi ulipaji uanze mshahara ukianza. Deni la namna hiyo ni afadhali kuliko kijana kuacha masomo mwaka wa nne.

Kabla hayo hayajafika, mzazi, fanya haya. Soma barua ya mkopo hadi mwisho ujue sehemu yako ni shilingi ngapi. Ukiona bendi haikufai, omba ikaguliwe upya. Ukiuza ndengu Februari, tenga pesa za Septemba siku hiyohiyo, kwenye akiba iliyofungwa. Lipa kidogo kidogo moja kwa moja kwa akaunti ya chuo, hakikisha nambari ya mwanafunzi ni sahihi, na uweke ujumbe wa malipo. Na PIN yako usimpe mtu, hata akisema anapiga simu kutoka HELB.