Futi tano na inchi nane

Kila Jeshi la Polisi linapotangaza nafasi za kazi, benchi la nje ya chumba changu hapa Pemba hubadilika sura. Wazee wa presha na akina mama wenye watoto wa homa husogea kidogo, na katikati yao hukaa vijana wazima kabisa, bahasha mkononi. Wanataka kitu kimoja tu: daktari wa Serikali athibitishe kwamba wana afya njema ya mwili na akili. Wengine wametoka Kojani, wamevuka maji alfajiri ili wasipoteze siku.

Cheti hicho si kigumu kukipata kwa aliye mzima. Kigumu ni mstari mwingine katika tangazo hilohilo, na huo ndio nataka tuuzungumze wiki hii, msomaji wangu, kwa sababu ni suala la afya kuliko watu wanavyodhani.

Matangazo ya miaka ya karibuni yamekuwa yakitaka mwombaji awe Mtanzania wa kuzaliwa, awe na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho cha Taifa, awe amemaliza kidato cha nne au zaidi, na kwa wa kidato cha nne na cha sita awe na umri wa miaka 18 hadi 25. Asiwe na rekodi ya uhalifu wala mchoro wowote mwilini. Asiwe ameoa au kuolewa, na asiwe na mtoto. Halafu unakuja urefu: mvulana asipungue futi 5 na inchi 8, msichana asipungue futi 5 na inchi 4. Polisi ni jambo la Muungano tangu mwaka 1964, kwa hiyo mstari huo ni mmoja kwa kijana wa Kojani na kwa kijana wa Kilimanjaro.

Tusiwacheke wanaoikimbilia kazi hii. Konstebo, cheo cha kuanzia, anapata mshahara kila mwezi, posho ya chakula, sare, matibabu, nyumba ya kambini pale ilipo, na pensheni uzeeni. Sasa weka pembeni yake maisha ya mvuvi wa Kojani. Anakwenda dago, yaani kambi za uvuvi za ugenini, miezi kwa miezi, Tanga, Mafia au ng'ambo ya mpaka Kenya. Upepo ukikataa, hakuna chakula. Akivunjika mguu, anajitibu mwenyewe. Akifikisha miaka sitini, anawategemea wanawe, nao pengine wako dago. Kijana aliyeyaona hayo kwa baba yake akitamani mshahara wa mwisho wa mwezi, ana akili timamu, na mimi nitamwandikia hivyo kwenye fomu yake bila kusita.

Lakini futi 5 na inchi 8 ni sentimita 172 na nusu hivi. Wastani wa urefu wa mwanamume Mtanzania uko chini ya hapo. Kwa maneno mengine, kipimo hiki kinamwacha nje mwanamume wa kawaida wa nchi hii kabla hajaulizwa swali lolote, na hapa kwetu visiwani nawaona wakiachwa wengi.

Sasa nikueleze kipimo hicho kinapima nini hasa. Mtoto wa kiume akifikisha miaka miwili, huwa amepata karibu nusu ya urefu atakaokuwa nao utu uzimani. Ukitumia viwango vya Shirika la Afya Duniani, mtoto wa kiume wa miaka miwili anayekua vizuri huwa na sentimita 87 hivi. Zidisha mara mbili, unapata 174: huyo anaingia polisi. Mtoto wa umri huohuo aliye chini ya sentimita 81 sisi madaktari tunamwita mdumavu. Zidisha mara mbili, unapata 162, inchi nne pungufu. Hesabu hii ni ya kukisia na wapo wanaoikimbia, lakini wengi haiwaachi mbali. Ofisa anayemsimamisha kijana wa miaka ishirini ukutani na kumpimia futi anasoma, bila kujua, kadi yake ya kliniki ya miaka kumi na nane iliyopita.

Na kadi hizo zinasemaje? Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015 na 2016 ulikuta asilimia 34 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Ule wa 2022 ulikuta asilimia 30. Tumeshuka, ndiyo, lakini bado ni karibu mtoto mmoja katika kila watatu. Vijana wanaoomba upolisi leo walikuwa wachanga kabla ya tafiti hizo zote mbili, wakati hali ilikuwa mbaya zaidi.

Pemba ina historia yake katika jambo hili. Katika miaka ya 1990 watoto wetu wa skuli walichunguzwa kwa miaka kadhaa, na ikaonekana kwamba minyoo ya safura ilikuwa chanzo kikubwa cha upungufu wa damu miongoni mwao. Safura hunyonya damu tumboni polepole. Mtoto haumwi sana, anachoka tu, hana hamu ya kula, darasani anasinzia. Kichocho nacho, kile cha kukojoa damu, kimekuwa nasi kwenye mito na madimbwi kwa vizazi. Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyofunguliwa Chake Chake mwaka 2000 ilizaliwa kutokana na mapambano hayohayo, na dunia imejifunza mengi kuhusu minyoo kutoka matumboni mwa watoto wa Kipemba. Faida moja ndogo tungeidai kwa malipo: mtu asimnyime kazi kijana kwa ajili ya minyoo aliyotibiwa zamani.

Kojani ina la kwake zaidi. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba kwenye kisiwa cha wavuvi mtoto anaweza kukosa samaki, lakini ndivyo biashara ilivyo. Samaki mzuri huuzwa, kwa sababu unga, mafuta ya boti na nyavu havinunuliwi kwa samaki. Nyumbani hubaki muhogo na mchuzi mwepesi, na mtoto mdogo hupewa wa mwisho na hupewa maji ya mchuzi. Nyumba zimebanana, vyoo havitoshi, kuharisha ni jambo la mara kwa mara, na kila wiki ya kuharisha ni wiki ambayo mtoto hakurefuka. Familia ikihamia dago, kliniki ya upimaji uzito na chanjo hukatika. Halafu mtoto akizaliwa hukohuko dago, cheti cha kuzaliwa nacho huwa kitendawili, na sharti la pili la tangazo linamshinda hata kabla ya la urefu.

Najua utasema: dokta, urefu ni wa kurithi. Ni kweli kwa sehemu. Mimi mwenyewe si mrefu na mama yangu hakuwa mrefu. Lakini Shirika la Afya Duniani lilipotengeneza viwango vyake vya ukuaji vya mwaka 2006, liliwafuatilia watoto wa Brazil, Ghana, India, Norway, Marekani na Oman, wote wakiwa wamenyonyeshwa vizuri na kuishi katika mazingira mazuri. Walikua kwa mwendo unaofanana sana hadi miaka mitano. Oman, msomaji, si mbali na sisi kwa damu wala kwa bahari. Kabla hatujawasingizia babu zetu, tuangalie kwanza kisima na sahani.

Mtetezi wa kipimo hiki ataniambia askari lazima awe na umbo la kuogopwa na nguvu za kumkamata mhalifu. Nguvu nakubali, umbo la kuogopwa nina mashaka nalo, maana polisi anayehitajika kijijini ni yule ambaye mwanamke aliyepigwa hatamwogopa. Na kama tunataka nguvu, basi tupime nguvu. Zipo mbio za kilomita kadhaa kwa saa, zipo pumzi na mapigo ya moyo baada ya mazoezi, ipo nguvu ya mkono, yapo macho na masikio. Yote hayo hupimika kwa vifaa rahisi, na yote yanaeleza zaidi kuliko futi. Futi haziwezi kukuambia kama kijana anajua kuogelea. Wa Kojani anavuta nyavu tangu ana miaka kumi na anaisoma bahari usiku bila taa, na Jeshi hilohilo lina kikosi cha wanamaji.

Wengine wameshalipitia suala hili. Ugiriki iliwahi kuwataka waombaji wote wa upolisi, wanaume kwa wanawake, wafikishe mita 1 na sentimita 70. Mwanamke mmoja aliyepungukiwa sentimita mbili alishitaki, na mwaka 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaona sharti hilo linawabagua wanawake, na kwamba uwezo wa mwili ungeweza kupimwa kwa majaribio mengine. India bado inapima urefu kwa askari wake wa ngazi ya chini, lakini imeweka kiwango pungufu kwa jamii za makabila yaliyo pembezoni. Sisi tunapima wasichana kwa kiwango chao, jambo zuri. Maana yake tumeshakubali kwamba kipimo kimoja hakiwatoshi watu wote. Ningependa kiondolewe kabisa, nafasi yake ichukuliwe na jaribio la nguvu na pumzi.

Kwa kuwa niko kwenye masharti, niliseme na hili la mtoto. Mimba na mafunzo ya kijeshi pale Shule ya Polisi Moshi haviendi pamoja, na daktari yeyote atamzuia mjamzito asiende. Lakini kuwa na mtoto si ugonjwa. Msichana aliyezaa akiwa na miaka kumi na saba, mtoto sasa ana miaka mitano na analelewa na bibi yake, hana kasoro ya kiafya ya kumzuia kukimbia. Na mvulana mwenye mtoto anaweza kunyamaza. Mwili wake hausemi chochote. Wa msichana unasema. Sharti lile lile, adhabu ya mmoja.

Nirudi kwa vijana. Mwaka jana alinijia mmoja ameshika chupa ya vidonge alivyouziwa mtandaoni, ameahidiwa inchi tatu kwa miezi miwili. "Bi daktari, nisaidie kuangalia kama ni vya kweli, nimebakiwa na inchi moja na nusu tu." Nilimpiga picha ya mfupa wa mkono nikamwonyesha. Mfupa hurefuka kupitia sehemu laini karibu na ncha zake, na sehemu hizo hufunga kwa wasichana wengi karibu na miaka kumi na tano au kumi na sita, kwa wavulana miaka miwili mbele hivi. Zikishafunga, hakuna kidonge, kamba ya kuning'inia wala maziwa ya kopo yatakayozifungua. Za kwake zilikuwa zimefunga. Ana miaka ishirini na mbili.

"Kwa hiyo nimechelewa, dokta?"

"Kwa urefu, ndiyo, mwanangu."

Kwa mambo mengine alikuwa bado na muda, na haya yanamhusu kila anayesubiri tangazo lijalo. Pima macho sasa, pamoja na kutofautisha rangi. Kama umekuwa ukizamia pweza na majongoo, pima masikio, kwa sababu mgandamizo wa maji hutoboa ngoma ya sikio na wengi hawajui. Pima mkojo na damu. Kichocho na safura vinatibika kwa dawa za bei ndogo, mara nyingi za bure. Anza kukimbia mapema, si wiki ya usaili. Na usimpe mtu fedha akuandikie cheti bila kukugusa: ugonjwa wa moyo usiojulikana utajitokeza Moshi, kwenye gwaride, mbali na kwenu.

Kijana yule nilimuuliza kama nyumbani kuna mdogo wake. Yupo, wa miezi kumi na minne, na kliniki hajapelekwa tangu warudi dago. Nilimwandikia tarehe nyuma ya bahasha yake, Jumanne, na kwamba aje na kadi.